Shule imefungwa, masomo yamehamia kwenye intaneti, mwanangu hana simu. Sheria inasemaje?

Baba Kadzo, Kilifi – 14 Julai 2020

Hamjambo wazazi wenzangu, na hamjambo walimu na mawakili mlio humu.

Mimi ni fundi wa pikipiki, naishi bara ya Kilifi, mbali na lami. Binti yangu Kadzo yuko darasa la nane katika shule ya msingi ya serikali. Mdogo wake Karisa ni kiziwi, yuko gredi ya tatu kwenye shule ya bweni ya viziwi. Tangu Rais alipotangaza tarehe 15 Machi kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona, wote wawili wako nyumbani.

Tunaambiwa masomo hayakusimama, yamehamia redioni, kwenye runinga na kwenye intaneti. Niwaeleze yanavyotufikia sisi. Redio ya betri tunayo, na vipindi vya KBC, redio ya taifa, Kadzo anavisikiliza akiwa na daftari mkononi. Lakini mwalimu wa redioni hamsubiri mtu na haulizwi swali. Umeme haujafika kwetu, kwa hivyo runinga hatuna. Simu yangu ni kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyoingia kwenye intaneti. Simu ya kuingia kwenye intaneti anayo shangazi yake Kadzo, ambaye hushinda sokoni akiuza nazi na kurudi jioni simu ikiwa imezima. Hata ikiwa na chaji, lazima wapande kilima cha zahanati ndipo mtandao ushike, kisha linunuliwe bando, na bando la siku ni pesa ya kibaba cha unga.

Mji ulio karibu nasi una akademia, yaani shule ya kibinafsi. Watoto wa pale wanaingia darasani kwa simu kila asubuhi, wanamwona mwalimu wao, wanatumiwa mazoezi kwa WhatsApp na jioni yanarudi yamesahihishwa. Sina kinyongo nao hata kidogo. Baba wa mmoja wao ni mteja wangu, alinionyesha daftari la mwanawe, na mle mna hesabu ambazo Kadzo hajaziona. Hapo ndipo moyo uliponiuma. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ni mmoja, karatasi ni ile ile, na nafasi za shule za kitaifa, zile sekondari bora za serikali, wanazogombea ni zile zile.

Tarehe 7 mwezi huu Waziri wa Elimu, Magoha, ametangaza kwamba mwaka huu wa masomo umehesabiwa kuwa umepotea, mitihani ya KCPE na KCSE, ule wa kidato cha nne, haitafanywa 2020, na wanafunzi watarudi Januari. Akademia ile haijasimama, masomo yanaendelea kama kawaida. Maana yake Januari Kadzo ataingia darasa moja na watoto walioisoma silabasi ya darasa la nane kwa miezi ambayo yeye alikuwa akichunga mbuzi. Wiki hiyo hiyo tukasikia maputo ya kampuni ya Loon, yanayorusha intaneti kutoka angani, yameanza kazi magharibi na katikati ya nchi. Nawafurahia wenzetu wa huko. Pwani hatumo.

Tena shule yetu ina tableti zilizoletwa na serikali kwa ajili ya watoto wa madarasa ya chini. Ziko ndani ya stoo yenye mlango wa chuma. Vitabu vya serikali, kila mtoto na chake, viko humo humo. Nilimwomba mwalimu mkuu amwazime Kadzo vitabu vyake mwenyewe. Akaniambia vikipotea atalipa yeye. Hofu yake naielewa, lakini kitabu kilichofungiwa kinamfunza nani?

Nauliza kwa wanaoijua sheria. Haki ya elimu ya bure iliyo kwenye Katiba inakoma geti la shule likifungwa? Hali hii ni ubaguzi kisheria, au ni bahati mbaya tu ya kuzaliwa mahali pasipo na mtandao? Kama ni ubaguzi, anashtakiwa nani, wapi, na kwa pesa gani? Na Karisa, ambaye redio kwake ni kisanduku kisichosema kitu, ana haki gani ya ziada?

Mwalimu wa Tana – 15 Julai 2020

Baba Kadzo, pole sana. Nafundisha shule ya serikali Tana River, na ulichokiandika ndicho ninachokiona huku. Shule zilipofungwa nilikusanya namba za simu za wazazi wa darasa langu. Wenye WhatsApp hawafiki kumi. Wengine ni wafugaji, wameshahama na mifugo, na namba walizoniachia ni za wenye maduka.

Niseme ukweli wangu, na usinichukulie vibaya: sioni mahakama itatusaidia nini. Jaji hawezi kusimamisha mnara wa simu. Hawezi kuiambia serikali inunue simu milioni kadhaa kufikia mwezi ujao. Ukishinda utapewa karatasi iliyoandikwa kwamba haki ya mwanao imevunjwa, na mwanao bado yuko nyumbani. Bora tutafute mbinu za kijijini. Mimi huandika maswali kwenye karatasi na kuyaacha dukani, mzazi akija kununua sukari anayachukua. Naomba wakili aliye humu anijibu: amri gani ambayo jaji anaweza kuitoa na ikatekelezeka?

Wakili, Nyali – 19 Julai 2020

Baba Kadzo, Mwalimu, nimeyasoma maneno yenu zaidi ya mara moja. Kesi za watoto ndizo zilizonivuta kwenye kazi hii, kwa hivyo nitajibu kwa urefu.

Nianze na swali la geti. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53(1)(b), inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo imeshikwa na mtoto, haikushikwa na jengo. Na kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Kifungu cha 43 nacho kinataja elimu, pamoja na afya, makazi, chakula na maji, na haki hizo za 43 ndizo ambazo Kifungu cha 21(2) kinaruhusu zitekelezwe hatua kwa hatua. Elimu ya msingi ya mtoto imewekwa mahali pengine, kwenye 53, na pale hakuna maneno ya hatua kwa hatua. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema jambo kama hilo mwaka 2011 katika kesi ya shule ya msingi ya Juma Musjid: elimu ya msingi inadaiwa leo, haingoji bajeti inenepe. Uamuzi wa kule hauwafungi majaji wetu, lakini wanausoma na kuupa uzito.

Hata serikali ikikuvuta kwenye 43 na kusema haina pesa, Kifungu cha 20(5) kinasema mzigo wa kuthibitisha kwamba pesa hazipo ni wa serikali yenyewe. Wewe huna haja ya kuithibitishia mahakama kwamba ziko.

Kisha ishike Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 39. Kimeorodhesha wajibu wa Waziri. Ahakikishe watoto wa makundi yaliyotengwa au yasiyo na uwezo hawabaguliwi wala kuzuiwa kuifuata elimu ya msingi na kuimaliza. Atoe walimu wa kutosha. Atoe miundombinu, vifaa vya kufundishia na vya kujifunzia. Shule zikifungwa na masomo yakahamishiwa kwenye intaneti, kifaa cha kujifunzia ni kipi? Mimi ningesimama mbele ya jaji na kusema kwamba redio, kitabu na simu sasa vimechukua nafasi ya dawati.

Je, ni ubaguzi? Kifungu cha 27(4) kinakataza serikali kubagua moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja. Hakuna aliyetoa amri kwamba watoto wa Kilifi wasisome. Lakini mpango ukiwa mmoja kwa nchi nzima, na ikijulikana mapema ni nani hawezi kuufikia, hiyo ndiyo njia isiyo ya moja kwa moja. Na ilijulikana. Sensa ya 2019 ilizihesabu kaya zenye redio, zenye runinga na zenye intaneti, na zenye intaneti hazifiki moja kati ya tano. Umaskini haukutajwa kwa jina katika orodha ya 27(4), ila asili ya kijamii imetajwa, ulemavu umetajwa, na orodha yenyewe iko wazi. Ongeza Kifungu cha 56, kinachoitaka serikali iwape waliotengwa nafasi maalumu katika elimu. Kilifi ni mojawapo ya kaunti 14 ambazo Tume ya Ugavi wa Mapato ilizitambua kuwa zimetengwa, pamoja na Tana River ya Mwalimu, Kwale, Lamu na Taita Taveta. Kwa hivyo kutengwa kwenu kumeandikwa na chombo cha serikali, hamtakiwi kukuthibitisha upya.

Watu watakwambia akademia nazo zizuiwe kufundisha. Usiingie huko. Mwaka 2011 wazazi wa shule za kibinafsi walikwenda Mahakama Kuu katika kesi ya John Kabui Mwai, wakilalamika kwamba mgao wa nafasi za shule za kitaifa unawapendelea watoto wa shule za serikali. Walishindwa. Mahakama ilikubali kwamba walio katika hali tofauti wanaweza kutendewa tofauti ili wafikie usawa wa kweli. Uamuzi huo ni rafiki yako. Unakuwezesha kumwambia jaji: mwenzangu aendelee kusoma, ila mimi niongezewe kile kinachonifikisha alipo.

Na tangazo la tarehe 7 Julai, wengi wamelisoma kama hasara tupu. Mimi naliona kuwa ushahidi wenu. Kama redio, runinga na intaneti zingekuwa zinamfikia kila mtoto, kulikuwa na sababu gani ya kuufuta mwaka mzima wa masomo?

Sasa Mwalimu, swali lako ndilo zito kuliko yote. Amri gani inatekelezeka? Juzi Ijumaa, tarehe 17 Julai, Mahakama Kuu ya Pretoria, Afrika Kusini, imetoa uamuzi katika kesi ya shirika la Equal Education. Shule za kule zilipofungwa, chakula cha mchana cha watoto zaidi ya milioni tisa kilikatika. Mahakama imeamuru mtoto anayestahili apewe chakula, awe amerudi darasani au bado anasomea nyumbani, na imewataka wahusika walete mpango wao na warudi mara kwa mara kueleza umefika wapi. Jaji hakupika chakula wala hakununua sufuria. Aliwafunga kwa mpango na kwa taarifa. Kwetu Kifungu cha 23(3) kinampa jaji mamlaka ya kutoa amri za namna hiyo. Kwa hivyo msiombe Zoom. Ombeni mpango: orodha ya watoto wasiofikiwa, jina kwa jina, vitabu vitoke stoo, redio na betri kwa nyumba zisizo nazo, karatasi za mazoezi kama zile unazoziacha dukani, lakini zichapishwe na serikali, na masomo ya kufidia watoto wakirudi. Hakuna lolote hapo linalohitaji mnara.

Mnaanzia wapi? Msikimbilie mahakamani kesho. Majaji wetu huzitupa kesi ambazo mlalamishi ameruka ngazi. Sheria ya elimu imeweka Bodi ya Elimu ya Kaunti, na asiyeridhika na uamuzi wake anakwenda kwenye Baraza la Rufaa za Elimu. Andikeni kwa Bodi kwanza. Na siku hiyo hiyo, kwa barua nyingine, itumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ulizeni: katika kaunti ndogo yetu, watoto wangapi wa shule za serikali hawana redio wala simu? Nani aliwahesabu, lini? Tableti na vitabu vya shule viko wapi, na ni agizo gani linalozuia visitolewe? Sheria hiyo inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, kuliwasilisha ni bure, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Jibu likiwa kwamba hawajahesabu, mmeshika ushahidi mkubwa kuliko takwimu yoyote.

Barua zikishindwa, Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba yake, ya kundi, au ya umma. Hakuna ada ya kufungua kesi hiyo. Kanuni za 2013 za kesi za haki za kikatiba zinamruhusu jaji kupokea hata barua ya kawaida kama ombi la kikatiba. Mahakama Kuu yenu ni ya Malindi. Gharama nyingine zipo, za nakala na nauli na kupeleka hati, nisikufiche, ndiyo maana nasema mwende wengi. Kwa Mombasa, jaribuni Kituo cha Sheria, shirika linalowasaidia wasio na pesa ya wakili, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

La Karisa nawaachia wanaoijua lugha yake vizuri kuliko mimi. Nitaje tu vifungu: 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kuzifikia taasisi na huduma za elimu, haki ya kutumia lugha ya ishara, na haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Hoja yake ina nguvu kuliko ya dada yake. Itangulizeni.

Mkalimani wa Ishara, Mombasa – 20 Julai 2020

Baba Kadzo, naomba nikuulize: hapo nyumbani nani anaongea na Karisa kwa ishara?

Nauliza kwa sababu watoto wengi viziwi lugha wameipata shuleni, bwenini, kwa wenzao na kwa walimu. Nyumbani wanaoneshwa njoo, kula, lala. Mtoto wa gredi ya tatu akikaa miezi bila mtu wa kumwashiria, anapoteza zaidi ya hesabu na sayansi. Anapoteza maneno yenyewe, na kumrudisha pale alipokuwa ni kazi kubwa. Nimekaa na watoto wa namna hii, najua ninachokisema.

Kwa hivyo kwenye barua yenu msiandike tu "masomo kwa lugha ya ishara". Andikeni video zenye mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya ziwekwe kwenye kadi ya simu au flashi, zichezwe bila intaneti. Andikeni kwamba mwalimu wake, au mtu mzima kiziwi anayeishi karibu, alipwe nauli amtembelee. Na wewe na mama yake mfundishwe ishara za msingi. Mkalimani hapatikani kwa kupanda kilima, anatakiwa aletwe.

Baba Kadzo, Kilifi – 22 Septemba 2020

Nimerudi kuwapa habari, maana wengine wameniandikia pembeni wakiuliza tumefikia wapi.

Tulikutana wazazi chini ya mwembe wa shule, tumekaa mbalimbali na barakoa zetu. Mwanzoni wengi waliogopa neno kesi. Mzee mmoja akauliza kama serikali itatukasirikia na kutunyima basari. Nikawasomea maneno ya wakili, hasa lile la kwamba ombi ni la bure na laweza kuwa kwa Kiswahili, na sura zikabadilika. Akina mama ndio waliozunguka nyumba kwa nyumba na daftari kuandika nani ana redio, nani hana, nani ana mtoto mwenye ulemavu. Katika kazi hiyo wakagundua mambo ambayo hatukuyauliza. Kuna wavulana wa darasa la saba ambao tayari wako kwenye machimbo ya mawe, na wasichana ambao mama zao waliinamisha vichwa walipoulizwa. Hayo nayo tuliyaandika barua ya peke yake, kwa chifu na kwa afisa wa watoto.

Barua mbili zikaenda, moja ya Bodi na moja ya kuomba habari. Nilizipeleka mwenyewe nikasimama pale mpaka nakala zangu zikapigwa muhuri. Ya Bodi haijajibiwa. Ya kuomba habari ilijibiwa siku zikikaribia kwisha, ukurasa mmoja. Kuhusu hesabu ya watoto wasiofikiwa, ofisi inasema haina kumbukumbu hiyo. Kuhusu vitabu, inasema hakuna agizo lolote linalozuia mwanafunzi kupewa kitabu chake akae nacho nyumbani.

Lile jibu la pili nililipeleka kwa mwalimu mkuu. Alilisoma, akatulia, akaniomba nakala. Wiki iliyofuata stoo ilifunguliwa. Kila mzazi alitia sahihi na kubeba vitabu. Kadzo sasa anasoma na wenzake wanne wa hapa kijijini, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anawasaidia hesabu, sisi tunamchangia.

Dada mkalimani, swali lako liliniuma kwa sababu jibu lilikuwa hakuna. Kadzo anajua ishara kiasi, sisi wazazi kidogo sana. Tumepata mama mmoja kiziwi, fundi cherehani, anakaa mwendo wa saa moja kutoka kwetu. Karisa anakwenda kushinda naye. Anarudi akiashiria haraka mpaka hatumfuati. Lakini hilo tumelifanya sisi. Serikali haijaleta chochote kwake, na ndilo lililobaki kwenye madai yangu.

Mwalimu wa Tana – 23 Septemba 2020

Baba Kadzo, nimeusoma ukurasa wako mmoja wa majibu kana kwamba ni wangu. Naomba unitumie mfano wa barua ya kuomba habari. Hapa kwetu vitabu bado viko kabatini.

Mpwani, Oakland – 9 Desemba 2020

Salamu kutoka California. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na wanangu wako shule za umma za Oakland. Nimeufuata uzi huu tangu Julai nikiwa na jambo moyoni: huku watu wanaita nchi tajiri, na bado jirani zangu wanakaa na watoto kwenye maegesho ya magari ya mikahawa ili washike waifai.

Tarehe 30 Novemba wazazi na watoto wa Oakland na Los Angeles wameishtaki serikali ya jimbo katika mahakama ya kaunti ya Alameda. Hoja yao inafanana na yenu. Jimbo lilitunga sheria mwaka huu kwamba kila mtoto apate kifaa, intaneti na mwalimu wa kuzungumza naye kila siku, lakini watoto wa familia maskini, wengi wao weusi na Walatino, hawayapati. Na wamelishtaki jimbo, hawakuzishtaki shule. Wanaegemea uamuzi wa 1992 wa Mahakama Kuu Kabisa ya California. Wilaya ya shule ya Richmond, hapa jirani, iliishiwa pesa ikataka kufunga wiki sita kabla ya mwaka kwisha, na mahakama ikasema jimbo haliwezi kujificha nyuma ya wilaya: usawa wa msingi wa elimu ni dhima ya jimbo lenyewe.

Nimeona nililete kwa sababu ya mwalimu mkuu wa Baba Kadzo. Aliambiwa vikipotea utalipa wewe. Kule juu ndiko walikotakiwa kuubeba mzigo huo.

Baba Kadzo, Kilifi – 11 Desemba 2020

Asante ndugu. Na kwa wakili, nina swali la mwisho. Kadzo alirudi shuleni tarehe 12 Oktoba pamoja na darasa la nane wote, na KCPE yao ni Machi. Karisa bado yuko nyumbani mpaka Januari, kwa sababu walioitwa ni gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Mwezi uliopita tumesikia Mahakama Kuu imeamua kesi ya mzazi mmoja na kuamuru shule zifunguliwe. Je, uamuzi huo umeyamaliza madai yetu? Nikisimama Januari na kudai ya Karisa, nitaambiwa jambo hili limekwisha kuamuliwa?

Wakili, Nyali – 12 Desemba 2020

Hutaambiwa hivyo, au ukiambiwa tutakuwa na jibu. Jaji James Makau aliamua juu ya kufungwa kwa shule bila kikomo, akaona ni kinyume cha sheria, na akatoa siku 60 zifunguliwe. Kesi ile ilikuwa ya geti. Yako inahusu kile ambacho mtoto hakupewa geti likiwa limefungwa, na namna atakavyofidiwa. Ni madai tofauti, ya mtoto tofauti, na yana ulemavu ndani yake, jambo ambalo kesi ile haikuligusa kwa namna hii.

Ila usidai yaliyopita peke yake, jaji atauliza sasa nifanye nini. Dai yajayo: Karisa akirudi Januari apimwe kiwango chake cha ishara na cha masomo, apewe saa za ziada za kufidia, na shule iwe na mpango ulioandikwa wa kumfikia akiwa nyumbani iwapo shule zitafungwa tena. Kama Bodi haijajibu barua ya Julai mpaka leo, kimya hicho nacho ni sehemu ya ombi.

Kituo cha Sheria wanajua unakuja, nimezungumza nao. Njoo na mama yake Karisa, lile daftari la akina mama, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi yake ya ulemavu kama anayo, na barua zote mbili zenye muhuri. Tengeneza nakala tatu za kila karatasi kabla hujapanda matatu, Mombasa watakutoza zaidi.